Buko Amevuna Mahindi ya Mama

Msimu ule wa mvua mama yangu hakupanda mahindi. Kwa asiyemjua, hilo ni neno dogo. Lakini kwetu Kampemba, kati ya ukuta wa nyumba na mfereji wa barabara hubaki ukanda mwembamba wa udongo mwekundu, na mvua za kwanza zikishuka kila mama wa mtaa hutoka na jembe. Hakuna aliyetugawia udongo huo, ila kila mtu anajua mstari wake unaishia wapi, na mtoto wa miaka mitano anaweza kukuonyesha. Mama alikuwa na mstari wake tangu tulipohamia pale. Mwaka ule aliteleza kwenye ngazi za kanisa, akavunjika mguu wa kushoto karibu na kifundo, na mvua zilipoanza alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, mguu umefungwa plasta, akiwatazama wenzake wakilima.

"Bantu yote banalima," alisema, "miye niko hapa kama mufuko ya simenti."

Mimi hufundisha watu kutumia kompyuta, katika chumba kimoja cha kupanga kule Makomeno. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima: makarani, wachungaji, mama mmoja mwenye duka la dawa ambaye mwanzoni alikuwa akikishika kipanya kama anayeshika kifaranga. Kazi hiyo imenizoesha kueleza kitu kimoja mara nyingi bila kuchoka, na imenifundisha pia kwamba mtu hajifunzi kifaa kwa kuwa kifaa ni kizuri. Anajifunza kwa kuwa ndani yake kuna kitu anachokitaka. Nikajiuliza mama anataka nini. Jibu lilikuwa nje ya dirisha. Basi nikachukua tableti ya zamani aliyoturithisha binamu yetu, nikaufungua ule mchezo wa kujenga mji.

Niueleze hapa kama nilivyomweleza yeye. Mchezo wenyewe ni wa bure, na unakaa ndani ya mtandao wa kijamii, palepale watu wanapoweka picha za harusi na za watoto. Unapewa kiwanja kitupu chenye kipande cha barabara. Unajenga nyumba, watu wadogo wanahamia. Unajenga duka, lakini duka halifunguki mpaka liwe na bidhaa, na bidhaa zinatoka shambani. Kwa hiyo unapanda. Mazao yanachukua saa kadhaa kuiva. Ukija kwa wakati, unavuna na yanaingia ghalani. Ukichelewa, yanakauka, yanakuwa ya rangi ya udongo, na kazi yako imepotea.

Wenye mchezo wanapata riziki yao kwa kuuza haraka: asiyeweza kungoja hulipa ili nyumba yake iishe mara moja. Kwa mama yangu hawakupata kitu. Mtu wa Kampemba anangoja umeme, anangoja maji, anangoja fundi aliyesema anafika asubuhi. Saa chache za kungoja mahindi yaive kwake zilikuwa kama mapumziko.

Kulikuwa pia na habari ya majirani. Mji haukui bila majirani, yaani watu wengine wanaocheza, ambao wanaweza kukutumia vifaa na kuingia mjini mwako wakati hupo ili kufanya kazi ndogondogo. Hiyo tuliiacha kwanza, kwa sababu hakuwa na jirani hata mmoja.

Siku ya kwanza aliuliza ukuta uko wapi. Nikamwambia mchezo huu hauna kuta. Akatikisa kichwa, akawasikitikia wakazi wake. Kisha akajenga nyumba ndogo kabisa nyuma ya kiwanja na kuacha mbele patupu.

"Mama, mbona umeiweka nyuma?"

"Ni aneksi. Nyumba kubwa itakuya mbele, Mungu akitoa."

Ndivyo tunavyojenga sote hapa: kinyumba cha nyuma kwanza, familia inaingia humo, halafu nyumba yenyewe inapanda polepole mwaka hadi mwaka. Lakini mchezo ulikuwa umeweka alama nyekundu juu ya paa la aneksi yake. Nikamfafanulia kwamba nyumba haina barabara, na kwamba mchezo unataka barabara ianze.

"Barabara ianze?" Alicheka mpaka akashika mguu wake. "Weye, tangu uzaliwe, uliona wapi barabara ikatangulia nyumba?"

Hatimaye alikubali kuweka barabara, na alipoiweka akagundua kwamba kila barabara ina kando mbili. Akapanda mahindi kando zote mbili. Ilipofika katikati ya msimu mji wake ulikuwa na shule, soko, kituo cha zimamoto, na mahindi yaliyozunguka kila kitu mpaka mlangoni pa ofisi ya meya. Rangi ilimrudia usoni. Asubuhi, kabla ya chai, alikuwa akiuliza: "Mega iko?" Mega ndizo tunazonunua ili simu ipate mtandao, na ndugu yangu mdogo ndiye aliyekuwa akizinunua, kwa moyo mweupe, kwa sababu wakati huo alikuwa na shida zake na alihitaji mama awe na furaha.

Shida zake zilikuwa nzuri: alitaka kuoa. Mchumba wake alikuwa binti wa Kamalondo, mama yake fundi wa nguo, wa familia zile za Maniema ambazo babu zao walikuja na cherehani na msahafu na wakabaki. Baba yetu alikwisha fariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekwenda kubisha hodi ya kwanza, na akapokelewa vizuri. Kilichobaki kilikuwa kikao cha pili, cha kupanga siku ya ndoa. Katika kikao hicho mama alipaswa kuwepo. Mama wa mwanaume asipokwenda, upande wa pili hawaulizi sababu. Wanaelewa kwamba amekataa.

Sasa, yule binti akamdokeza ndugu yangu kwamba mama yake naye anacheza mchezo uleule, kwenye simu, kati ya nguo na nguo. Ndugu yangu alifurahi kupita kiasi. Aliwaunganisha wale mama wawili kuwa majirani, akatembea nyumbani siku nzima kama mtu aliyejenga daraja.

"Yaya," aliniambia, maana mimi ndiye mkubwa wake, "unaona? Banaanza kuzoeana mbele ya kikao."

Hapo lazima nieleze neno moja. Huyo mama wa Kamalondo kwa mama yangu ni buko, yaani mkwe mwenzake, na kwetu buko si mtu wa mzaha. Heshima yake ina woga ndani yake. Hulegei mbele ya buko, huli ovyo akikutazama, huingii kwake bila kutangazwa. Kwa hiyo siku za kwanza miji yao miwili ilitendeana kama mabalozi. Buko alituma tangi la maji. Mama alitafakari, akajibu kwa matofali. Buko alituma miti ya maua. Mama akatuma benchi la kukalia. Hakuna aliyeingia mjini kwa mwenzake.

Halafu ikafika asubuhi ya Jumamosi, siku moja kabla ya kikao. Mama alikuwa amepanda mahindi kwenye kiwanja kipya alichokifungua upande wa mto, shamba kubwa kuliko yote, na alilala akijua kwamba akiamka yatakuwa tayari. Nilikuwa jikoni nilipomsikia.

"Kuya kuona! Ni nani ule anasimama mu mahindi yangu?"

Nikaja, nikatazama. Mchezo huonyesha picha ya jirani aliyeingia, ikiwa juu ya mwili mdogo wa mwanasesere. Mwanasesere alikuwa amesimama katikati ya shamba la mtoni, akipunga mkono. Shamba lilikuwa tupu.

"Ni buko, mama."

"Najua ni buko, niko na macho. Anafanya nini?"

"Amevuna."

"Amevuna," alirudia, polepole, akaiweka tableti mezani kifudifudi.

Kwetu nyumbani kuna sheria moja ya mahindi. Aliyepanda ndiye anayevunja hindi la kwanza. Analichemsha, anakula, anapeleka mengine kwa majirani; baada ya hapo, hata mpita njia mwenye njaa anaweza kuvunja moja na kumwambia kesho yake. Lakini kabla ya hapo hakuna anayegusa. Baba yangu, ambaye katika nyumba ile aliamua kila kitu kingine, alikuwa akipita kando ya mahindi mabichi ya mama mikono nyuma, kama mtu aliye dukani bila nia ya kununua.

Ndugu yangu aliingia na mswaki mdomoni. Nikamweleza. Akacheka, na hilo lilikuwa kosa.

"Mama, ni mchezo tu."

"Ni mchezo? Basi na weye utaoa mu mchezo."

Mswaki ukasimama.

"Mbele hajatupa mutoto yake, ashavuna shamba yangu. Siku ametupa mutoto, atavuna nini? Sahani yangu?"

"Mama, pardon, yeye hakujua..."

"Ambia baba yenu mudogo, kesho siendi. Mguu unaniuma."

Plasta ilikwisha kutolewa, na siku mbili nyuma tulimkuta amepanda juu ya kigoda akifuta buibui. Hakuna aliyethubutu kulitaja. Ndugu yangu alinitazama kwa macho ya mtu ambaye daraja lake linakwenda na maji.

Nikafanya ninachokijua. Nilileta karanga na mabakuli mawili, nikakaa mbele ya mama. "Tazama. Sahani hii ni shamba lako. Bakuli hili ni ghala lako, na lile ni ghala la buko. Yeye amekuja, amechukua karanga shambani," nikazichukua, "na amezitia humu, kwako. Si kwake. Mchezo umeumbwa hivyo: jirani akivuna, anakuvunia wewe. Yeye anapewa moyo mdogo mwekundu wa asante, basi, anaondoka."

Mama aligeuza tableti, akafungua ghala, akaona limejaa.

"Basi hakuiba," nilisema.

"Miye sikusema ameiba. Nilisema amenitangulia."

Sikuwa na karanga za kueleza hilo.

"Tableti haijue desturi yetu," aliendelea, bila hasira, kana kwamba sasa yeye ndiye mwalimu, "nasamehe tableti. Lakini buko ni muntu. Alizaliwa hapa hapa. Anajua."

Ndugu yangu alinifuata uani. "Yaya, enda Kamalondo. Enda weye. Miye nikienda nitalia mbele yao, na hapo njo mwisho kabisa."

Nilikwenda mchana. Kamalondo ni mahali pa kutembea kwa miguu: nyumba zimebanana, vibaraza vinagusa njia, na kwenye kila kibaraza cha tatu kuna cherehani. Buko alikuwa kwenye kibaraza chake akishona sare za kwaya, nguo ya bluu imemfunika magoti. Aliponiona alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akasalimia, akauliza nyumba nzima mmoja mmoja, akamtuma binti yake soda. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akauliza:

"Na mama, mguu yake? Inaendelea?"

Nikamweleza. Nilichagua maneno kama mtu anayevuka mfereji kwa mawe. Nilisema mama anashukuru kwa tangi na kwa maua. Nilisema kwamba kwetu kuna mambo ya mahindi ya kwanza. Sikuhitaji kwenda mbali. Aliiweka ile nguo ya bluu pembeni, akashika mashavu.

"Ee Mungu wangu. Mi nilivuna juu ya mguu, sababu ya mguu yake!"

"Mguu?"

"Mutoto aliniambia mama amevunjika. Kwetu, mugonjwa hatumwache na mahindi mu shamba. Unaamka mapema, unavuna, unamuwekea ku mulango, unaondoka bila kelele. Ukienda kumuuliza, utamupatisha haya, atasema hapana, acha tu. Unafanya na unanyamaza." Alionyesha simu iliyokuwa chini ya makasi. "Niliona ile shamba ya mutoni imeiva tangu alfajiri, saa inatembea, inataka kukauka. Nikasema: buko eko na mguu, na miye nitazame tu? Nikaingia. Mutoto yangu, nilikuwa naogopa! Mara ya kwanza naingia kwake. Nikavuna mbio mbio, nikatoka."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na chupa mbili za soda, hazijafunguliwa, anapumua kidogo kidogo.

"Sasa atasema sisi ni bantu ya kuingia bila hodi," buko alisema.

Nikasema nitarudi nyumbani, nitamweleza mama yote, na kwamba mama ni mtu wa kuelewa. Alitikisa kichwa.

"Hapana. Pardon ya buko haitumwe na mutoto. Na kuya kwenu siwezi kuya, kikao bado." Alifikiri, kidole kikipita juu ya mshono wa nguo. Kisha akachukua simu, akanionyesha mji wake. "Ona. Mahindi yangu imeiva saa hii hii. Siigusi. Avune yeye mbele, kwa mukono yake. Halafu tutakuwa sawa."

"Na ikikauka, mama?"

"Ikauke."

Nilifika nyumbani jua likiwa limelala upande wa magharibi. Nilimwambia mama kila neno, hata lile la kuogopa. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Niliposema "nilivuna juu ya mguu", alitazama mguu wake kana kwamba ndio uliofanya kosa. Lakini nilipofika mwisho alishtuka.

"Miye? Niingie mu shamba ya buko nimuvunie mahindi ya kwanza? Namulaumu kwa kitu, halafu nafanya kitu ile ile?"

"Lakini yeye mwenyewe amesema uvune."

"Amekuambia weye. Miye sijasikia."

Ndugu yangu alikaa chini, palepale kwenye sakafu.

"Lakini kutazama," mama alisema, "kutazama si kuingia." Akanipa tableti nimfungulie.

Mji wa buko ulikuwa mji wa mshonaji. Barabara zilinyooka kama zimepigwa chaki. Nyumba zilipangwa kwa rangi, za njano na za njano, za kijani na za kijani, na katikati, pale ambapo wengine huweka sanamu, kulikuwa na shamba moja la mraba la mahindi, yameiva yote, yanameremeta. Mama alisogeza kidole kutoka pembe hadi pembe.

"Anapanga muzuri," alisema. Kisha: "Hakupanda ku barabara. Njo maana soko yake inapumua." Kisha akaona saa ndogo inayozunguka juu ya shamba. "Hii inasema nini?"

"Inasema yamebakiwa na muda mfupi. Jua likizama hivi, yatakauka."

Umeme ulikatika. Kioo cha tableti kikabaki peke yake kikitumulika, na pembeni mwake kipande cha betri kilikuwa chembamba. Mega nazo zikaisha. Ndugu yangu alitoka mbio kwenda kwenye meza ya muuza mega pale kona, akarudi anahema, akaziingiza. Mahindi yalikuwa bado yamesimama.

Mama alikuwa ameyakazia macho. Yeye ni mtu ambaye hawezi kupita karibu na nyanya inayooza bila kuikata sehemu nzima na kuiokoa. "Mahindi haina kosa," alisema, nusu kwake mwenyewe. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza:

"Humu mu mchezo, hodi banapiga wapi?"

Nikamwonyesha. Chini ya mji wa jirani kulikuwa na nafasi ya kuandika ujumbe, ambayo watu wengi huitumia kuomba vifaa. Mama aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: HODI. Akabonyeza, akakunja mikono.

Hakuna kilichotokea.

"Mama, vuna tu," ndugu yangu alisema. "Betri inaenda kufa."

"Nyamaza. Nimepiga hodi. Muntu akipiga hodi, anangoja."

Ndugu yangu akachukua simu yake, akampigia mchumba. Tulimsikia akinong'ona kwa sauti kubwa kuliko ya kuongea: "Ambia mama aangalie simu! Simu! Ee, mu mchezo!" Akasikiliza, akakata. "Anasali," alitutangazia, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulaumu lakini hajui amlaumu nani. Ilikuwa saa ya Magharibi. Kule Kamalondo buko alikuwa kwenye mkeka.

"Sala haiharakishwe," mama alisema.

Tukangoja. Ndugu yangu alizunguka uani, tukasikia ndala zake zikienda na kurudi. Mama alikuwa mtulivu kuliko wote. Bua moja la pembeni likageuka rangi ya udongo, kisha la pili, kisha mstari mzima. Niliuma midomo. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga jinsi ya kuzungumza na baba mdogo, nani aende kesho, na tuseme nini mama asipokuwepo.

KARIBU.

Na mara chini yake: KARIBU SANA BUKO. INGIA.

Mama alisimama. Nasema kweli: alisimama, akakaza kikwembe kiunoni, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, kisha akakaa tena na kuanza kuvuna. Mwanasesere mwenye picha yake alitembea katika ule mraba; kila alipofika kwenye bua aliinama, na mahindi yakaruka kwenda kwenye ghala la buko. Alivuna yote yaliyokuwa mazima, bila haraka. Alipomaliza akaandika:

YA KANDO IMEKAUKA. POLE.

Jibu lilikuja upesi: HAINA NENO. YA KATIKATI NJO TAMU. PARDON KWA YA ASUBUI.

Mama alisoma kwa sauti, mara mbili. Akaandika: AKSANTI KWA MUGUU. KESHO NAKUYA. Akabonyeza, na tableti ikazimika mkononi mwake.

"Imeenda?" ndugu yangu aliuliza gizani. "Yaya, ile ya mwisho, imeenda?"

"Imeenda," nilisema, ingawa sikuwa na hakika. Ndugu yangu akatoka, akalala chali uani, mikono imetandazwa, na jirani aliyekuwa akipita nje akauliza kama kuna mgonjwa.

Kesho yake tulikwenda. Mama alivaa kikwembe chake cha sikukuu, akatembea kibaraza kwa kibaraza bila kuchechemea. Wazee wa pande zote mbili walisema maneno yao marefu, kama inavyopaswa, na wale mama wawili walikaa wamegeuziana upande, kama inavyopaswa, macho chini. Baba mdogo alipendekeza siku ya kiangazi, mvua zikiisha. Upande wa pili wakaomba dakika ya kushauriana. Katika kimya hicho buko aliinama kidogo kuelekea kwa mama.

"Ile shamba ya mutoni," alisema kwa sauti ya chini, "siyo ungejenga soko pale? Bantu bako banatembea mbali."

"Nilikuwa nafikiri," mama alijibu. "Lakini udongo ni muzuri."

"Udongo ni muzuri, ndiyo. Acha kidogo nyuma. Soko mbele."

Baba mdogo alinigeukia, macho yamemtoka. "Mama yenu amenunua kiwanja? Na hakuniambia?"

Ndugu yangu alikohoa ndani ya leso yake mpaka binti akamletea maji. Siku ikapangwa. Wakaoana kiangazi kile, kwenye vumbi jekundu na upepo wa baridi, na mabuko wawili wakacheza ngoma kila mmoja upande wake wa uwanja, kwa heshima.

Wanaendelea kucheza mchezo wao hadi leo, na wana sheria ambayo wenye mchezo hawakuiweka: hakuna anayeingia mjini kwa mwenzake bila hodi na bila karibu. Ndugu yangu anasema hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kucheza. Mmoja anapiga hodi, mwenzake yuko sokoni, au anasali, au umeme umekatika, au hana mega, na mahindi yanakauka yakitazamwa. Nadhani hakuna miji miwili inayopoteza mahindi mengi kama hiyo. Ni mikubwa, lakini mashamba yake siku zote yana pindo la rangi ya udongo.

Wiki iliyopita nilipita kumsalimia mama nikamkuta kwenye kiti, tableti juu ya goti, shamba la buko wazi mbele yake na saa yake karibu kuisha.

"Mama, vuna basi, yanakauka."

Hakuinua macho.

"Bado hajaitika," alisema, akaninyooshea bakuli la karanga nikae.